Mjadala: Fataki ziuzwe kwa kila mtu, au zirushwe na wenye leseni pekee?

Jirani Mtulivu
Ndugu zangu, swali hili limenikaa moyoni tangu sherehe iliyopita, pale roketi iliyorushwa kutoka ua wa tatu ilipovuka nyumba mbili, ikaangukia mfereji wa paa langu uliojaa majani makavu, na kuanza kufuka moshi huku sisi tukiwa ndani na wageni. Tuliuzima kwa ndoo tatu na ngazi ya kuazima. Aliyeirusha hajui ilikoangukia hadi leo. Je, ni sawa kitu kinachoshukia paa la mtu mwingine kiuzwe kwa yeyote mwenye fedha mfukoni, au kiachwe kwa wenye leseni? Naomba hoja, si kejeli.

Mpenda Sherehe
Pole sana, ingawa naona jibu umelitoa mwenyewe bila kukusudia, kwa kuwa kilichokaribia kukuunguzia nyumba ni majani uliyoyaacha yarundikane. Mfereji ungefagiliwa, roketi ingejifia yenyewe. Hali kadhalika, mtu anayeezeka nyumba kwa nyasi kisha akashangaa kwamba nyasi huwaka, asitunyime sisi wengine dakika kumi za furaha.

Bibi wa Makuti
Nimeyasoma maneno ya huyu bwana mara mbili ili nihakikishe sikuyaelewa vibaya. Mimi ndiye huyo mtu. Nyumba yangu ni ya makuti, na chini ya paa hilo nimewasha jiko kila siku kwa zaidi ya miaka thelathini bila kuunguza hata kuti moja, kwa sababu moto wangu naujua uliko, naulinda, na nikilala nimeuzima. Moto wako wewe unakuja na mkia kutoka mawinguni, nami sina hata fursa ya kuuambia hodi yako haikubaliki. Nani kati yetu ndiye mzembe?

Mpenda Sherehe
Mama yangu, sikukutaja wewe. Nilizungumzia kanuni kwa ujumla.

Bibi wa Makuti
Kanuni kwa ujumla haina paa. Mimi ninalo.

Fundi Mapaa
Nisaidie kidogo kabla hamjatoana macho. Mwenye bati asijione amesalimika. Bati lenyewe haliwaki, lakini limebebwa na kenchi na pau za mbao, na kwenye upenu huwa pana matundu ambamo ndege hujenga viota vya nyasi kavu kabisa. Cheche ikipenya hapo, moto unakula mbao juu ya dari na watu wa ndani hawana habari mpaka harufu iwafikie. Kwenye vigae ni hivyo hivyo: kigae kimoja kilichoteleza kinatosha. Kwa upande wa nyasi, paa lililoezekwa kwa kubanwa vizuri haliwaki upesi kama watu wanavyodhani, kwa sababu hewa haipiti kwa urahisi. La kuogopwa ni lile lililochakaa na kutawanyika, na makuti yakishakauka na kulegea huingia kundi hilo.

Bibi wa Makuti
Makuti yangu hayajalegea, fundi.

Zimamoto Mstaafu
Nimefanya kazi ya zimamoto muda mrefu, na naomba niseme lile ambalo watu hawalitegemei. Paa la nyasi limetengenezwa ili maji yateleze yasiingie, kwa hiyo unapolimwagia maji kutoka nje, yanateleza vilevile kama mvua, ilhali moto uko katikati ya unene wa nyasi. Mara nyingi hatulizimi sehemu inayowaka. Tunakimbilia mbele ya moto, tunakata na kuzing'oa nyasi nzima, ili moto ufike mahali ukose chakula. Yaani tunalibomoa paa zima upande mmoja ili tuokoe upande wa pili.

Baruti nayo si kama kuni. Ni shura (aina ya chumvi ya naitreti), salfa na makaa, na shura ndiyo inayobeba oksijeni, ndiyo maana roketi huendelea kuwaka hata ikiwa imejichimbia ndani ya majani au ndani ya nyasi. Hata vile vijiti vya kumetameta ambavyo watu huwapa watoto hupita nyuzi joto 1,000. Kwa hiyo kauli kwamba roketi ingejifia yenyewe kwenye mfereji safi ina ukweli nusu tu.

Mpenda Sherehe
Mzee ametusomea kemia na tunashukuru, lakini sijaona mahali alipojibu swali. Nusu ya ukweli ni zaidi ya nilivyozoea kupewa na zimamoto.

Zimamoto Mstaafu
Sikuja kujibu swali, nilikuja kukurekebisha. Nikitaka kulijibu nitalijibu.

Msoma Sheria
Nchi nyingine zimeshafika tunakozungukazunguka. Ujerumani, raia wa kawaida huuziwa roketi siku tatu za mwisho wa mwaka tu, na haruhusiwi kuzirusha karibu na makanisa, hospitali, nyumba za wazee na majengo yanayoshika moto kwa urahisi. Walijifunza kwa uchungu, maana kule kuna bustani ya wanyama ambako nyumba ya sokwe iliteketezwa na fataki za mkesha wa mwaka mpya, nadhani 2018.

Mpenda Sherehe
Hapo umechanganya mambo, mheshimiwa. Ilikuwa Krefeld, usiku wa kuamkia 2020, na waliosababisha hawakurusha fataki bali taa za karatasi zinazopaa kwa mshumaa, ambazo zilikuwa zimekwisha kupigwa marufuku katika jimbo hilo miaka kumi kabla. Marufuku ilikuwapo, na wanyama zaidi ya thelathini wakafa. Sasa niambieni marufuku inasaidia nini.

Msoma Sheria
Nakiri mwaka na kifaa. Hata hivyo hoja imebaki palepale, kwani kitu chenye moto kilipaa, mrushaji akakipoteza machoni, kikatua juu ya paa. Taa ya karatasi na roketi ni ndugu wa tumbo moja. Na kama mnataka fataki halisi, basi Enschede, Uholanzi, tarehe 13 Mei 2000: watu 23 walikufa, wanne wao wakiwa wazima moto.

Mpenda Sherehe
Enschede lililipuka ghala la kampuni, si mtoto aliyewasha utambi uani. Mnaleta maiti wa msiba mwingine. Na kwa kuwa mnawaamini sana wataalamu, Beijing Februari 2009 jengo refu lililokuwa karibu kukamilika lilishika moto kuanzia juu, na fataki zile zilirushwa na watu waliokodiwa kwa kazi hiyo. Mtaalamu naye ana mikono miwili kama mimi.

Msoma Sheria
Walirusha bila kibali, ndugu. Umeniletea mfano wa watu waliokwepa leseni ili kuonyesha kwamba leseni haifai.

Mpenda Sherehe
Basi tukubaliane upande wa pili. Mwenye paa la nyasi alazimishwe kulipaka dawa ya kuzuia moto na kulikatia bima, kisha kila mtu afurahi kwake.

Bibi wa Makuti
Kwa hiyo nilipe dawa, nilipe bima, nipande ngazi kwa umri huu nikamwagilie paa kabla hujawasha utambi, ili wewe ufurahi dakika kumi. Na dawa ikioshwa na mvua niipake tena. Umewahi kupanda juu ya paa la makuti, mwanangu?

Fundi Mapaa
Dawa hufifia kweli, hasa kwenye mvua nyingi. Kuna dawa nyingine ambazo nyasi hulowekwa ndani yake kabla ya kuezeka, na hizo hudumu zaidi, lakini kwa paa lililokwisha kuezekwa haiwezekani tena.

Jirani Mtulivu
Naomba turudi. Sikuuliza mwenye paa afanye nini; mfereji wangu nimekwisha kuufagia, na nakiri ulikuwa mchafu. Nauliza kuhusu mrushaji. Roketi zinaruka mbali kuliko ukubwa wa ua, upepo unazichukua, na kijiti chake kinashuka popote. Mpenda Sherehe, wewe unaporusha, huwa unajua zako zimeangukia wapi?

Mpenda Sherehe
Huwa naangalia upepo.

Zimamoto Mstaafu
Hakukuuliza upepo.

Mpenda Sherehe
Sijui zote. Nani anajua zote? Ila nimerusha miaka mingi na hakuna aliyewahi kunijia kulalamika.

Jirani Mtulivu
Nami sijamwendea wangu, kwa sababu simjui.

Bibi wa Makuti
Fundi, ile dawa ya kuloweka inaitwaje? Naezeka upya mwakani.