Tumpige simba au tumpige nguruwe kwanza? Tuliolala kwenye madungu tuongee

Wakuu habari zenu. Juzi usiku kaka yangu kanipigia simu kutoka kijijini kwetu huko Lindi, anasema nyayo za simba zimeonekana njia ya kisimani. Hajala mtu, hajala mbuzi, ni nyayo tu, lakini tayari vijana wanachangishana hela ya baruti na kuna mzee kalitoa gobole lake la zamani darini. Mkutano wa kijiji ni Ijumaa baada ya swala na ajenda ni moja, simba auawe. Mi nimemwambia kaka asimame aseme waanze na nguruwe. Kanijibu, "We umekaa mjini umesahau." Sijasahau hata kidogo na ndo maana nimeileta hapa tujadili.

Nlikua darasa la nne, babu alikua ananichukua kwenda kulala nae dungu kulinda shamba. Kwa asiyejua, dungu letu ni kichanja cha miti, juu makuti, pembeni wazi, chini unawasha kimoto na una debe la kugonga. Nguruwe pori hawaji mmoja, wanakuja ukoo mzima, na unawasikia kabla hujawaona, mhogo unavyovunjika ardhini unalia ta, ta, kama mtu anavunja kuni kavu, huku wanaguna. Unagonga debe wanakimbia, unanyamaza wanarudi, hivyo mpaka alfajiri. Usiku mmoja kelele zikakata ghafla, mhogo kimya, miguno kimya, hata vyura kimya, babu akaniwekea kiganja mdomoni na akanibana kwenye mkeka. Debe hatukuligusa. Kulivyokucha tukakuta damu na majani yamelala, nguruwe kaburuzwa hatua chache tu kutoka nguzo ya dungu letu, na babu akachuchumaa akaweka kiganja chake juu ya unyayo, unyayo ukazidi upana.

Wiki mbili baadae mama mmoja jirani, shamba la tatu kutoka letu, alichukuliwa akiwa amelala dunguni kwake. Sitaelezea zaidi, tulikuta kanga na debe. Maofisa walikuja siku ya nne wakapiga simba jike, watu wakashangilia, ngoma ikachezwa. Usiku uleule nguruwe walikua kwenye mhogo wetu kama kawaida, na kabla mavuno hayajaisha simba mwingine akaja. Yaani tulimuua aliyefuata chakula, chakula chenyewe tukakiacha palepale shambani.

Na sio mawazo yangu tu. Mwaka 2005 watafiti wakiwemo Watanzania wenzetu Dennis Ikanda na Bernard Kissui, pamoja na Craig Packer, mtafiti wa simba kutoka Marekani, waliandika kwamba tangu 1990 simba walikua wameua watu zaidi ya 563 Tanzania na kujeruhi wasiopungua 308. Sehemu kubwa ni huku kwetu kusini, Lindi, Mtwara na Rufiji, na matukio yanapanda wakati wa mavuno, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, watu wakiwa wamehamia mashambani. Walivyolinganisha wilaya na wilaya wakakuta penye hatari kubwa ni pale ambapo wanyama wa porini wameisha na nguruwe wamebaki wengi. Simba anamfuata nguruwe, nguruwe anafuata shamba, na katikati ya shamba amelala mtu kwenye kichanja kisicho na ukuta.

Sasa tuwe wakweli kuhusu nani kawamaliza hao wengine. Ni sisi. Mbawala, paa, kuro, wote wamekwenda kwa mitego ya waya na magobole manake ndo kitoweo, nguruwe tumemuacha manake wengi wetu ni Waislamu na hatumli. Silaumu dini ya mtu, mi mwenyewe Muislamu, lakini tukubali kwamba kwa miaka yote hii tumekua tunachagua mnyama wa kumpiga kwa kuangalia sufuria, na tulichobakiza porini ndo kinachomleta simba mlangoni. Sheikh wetu wa pale kijijini nilishamuuliza hili, akasema kilichoharamishwa ni kumla, kumuondoa anayekuharibia riziki yako hakuna ubaya. Watu wanachukia kumgusa tu, basi. Masasi na Ndanda kule wako wengi wanaokula, na tangu 2020 kuna kanuni za mabucha ya wanyamapori, kwa hiyo nyama isingekosa mtu kama kijiji kingeomba kibali kwa pamoja badala ya kila mtu na waya wake.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, kijiji kiombe kibali cha kupunguza nguruwe mapema kabla mahindi hayajabeba, mbawala aachwe kabisa, na simba ambaye hajagusa mtu aachwe apite. Karibuni, ila tusitukanane.

Mchangiaji, askari wa wanyamapori mstaafu:
Mdogo wangu umeandika kwa uchungu na nimekuelewa, ila mimi nimefanya hii kazi miaka mingi nikuambie kitu. Simba akishaonja mtu haachi. Unakumbuka yule wa Rufiji, kuanzia 2002 mpaka alivyopigwa Aprili 2004, aliua watu zaidi ya 30, watu wakampa na jina Osama. Kila siku mliyokaa mkijadili nguruwe ilikua msiba mmoja. Halafu kuna historia ya Njombe ambayo wewe umeiruka. Miaka ya 1930 mpaka 1940 simba walikula watu kule mpaka mwindaji Mwingereza, George Rushby, akapelekwa kuwawinda, na inaelezwa chanzo ni serikali ya mkoloni kupiga wanyama wa porini ili kuzuia sotoka, ule ugonjwa wa mifugo, isifike kwa ng'ombe. Nyama ikaisha, simba akageukia mtu. Sasa wewe unataka tuwamalize nguruwe, simba wa Lindi atakula nini kesho yake? Jibu hilo kwanza.

Mtoa mada:
Shikamoo mzee wangu, hoja yako ndo iliyokua inaninyima usingizi kwa hiyo sitaikwepa.

La Rufiji nakubaliana na wewe moja kwa moja. Aliyeua mtu apigwe, na apigwe haraka, siku nne ni nyingi mno. Ila tukumbuke yule walivyompasua kinywa walikuta jino la nyuma limepasuka na chini yake usaha umejaa, na alikua bado kijana, miaka kama mitatu na nusu, yule alikua mgonjwa. Huyu wa kwetu ni nyayo kwenye njia. Tukimpiga yeyote anayepita hatujui tumempiga nani. Hata wawindaji wa kitalii wanaolipia huko mapori ya akiba wana sharti la umri, dume asipungue miaka sita, wanajifunza kuangalia pua ilivyoweka weusi, kadri simba anavyozeeka pua inazidi weusi. Sharti lipo manake ukiua dume mwenye watoto wadogo dume mgeni anakuja anaua wale watoto wote. Kijana mwenye gobole usiku kwa tochi anaangalia pua saa ngapi? Na akimjeruhi tu akamkosa, si ndo tumejitengenezea yule wa Rufiji kwa mikono yetu.

La Njombe mzee naomba tutofautiane kidogo. Kule walipigwa wanyama wa porini, simba akakosa cha kula nyumbani kwake. Ndicho kilekile tulichofanya sisi kwa mbawala na kuro, kwa hiyo Njombe inanisaidia mimi kuliko inavyokusaidia wewe. Sisemi nguruwe afutwe duniani. Nasema aondolewe shambani, na porini tuache nyama irudi. Haya mawili lazima yaende pamoja, ukifanya la kwanza bila la pili basi uko sahihi, tutamfundisha simba kula watu. Hapo nakubali sikulikazia vya kutosha mwanzoni.

Mchangiaji wa Kajiado:
Wandugu poleni sana. Huku kwetu Kenya nguruwe si shida, shida ni mbuzi na ng'ombe. Mei 2023 simba kumi waliuawa karibu na Amboseli kwa siku chache tu, pamoja na Loonkiito, dume la miaka 19, mzee kabisa, alikuja boma usiku kutafuta mifugo. Sita wengine waliuawa Mbirikani baada ya kula mbuzi 11. Ukame wa 2022 ulikuwa umemaliza pundamilia na nyumbu. Uwindaji tulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hivyo swali la kuchagua mnyama wa kupiga kihalali hatuna, lakini swala bado wanaisha kwa mitego na simba bado anauawa kwa mkuki. Fidia sheria ya 2013 inasema shilingi za Kenya milioni tano kwa aliyeuawa, watu wanangoja miaka. Kijana akipoteza mbuzi zote usiku mmoja huwezi kumwambia asubuhi avumilie.

Mtoa mada:
Asante ndugu, na hapo kwenye fidia ndo moyo unaniuma. Kwetu kanuni za 2011 ziliita kifuta machozi, sio fidia, na kwa mtu aliyeuawa ilikua shilingi milioni moja. Watoto wa yule mama walikua watano. Mtu aliyepewa hiyo halafu ukamwambia simba ana haki ya kupita, atakuona adui, na simlaumu. Ndo maana nasisitiza tuanze na kitu ambacho mkulima anapata faida siku hiyohiyo, nguruwe akipungua mhogo unabaki, na mhogo ukibaki hakuna haja ya mtu kulala nje.

Kitu kingine nisisahau. Pale kijijini wameshaanza maneno ya simba wa kutumwa, kwamba kuna mtu kamfuga. Miaka ile kuna bibi alikimbizwa kwake kwa maneno hayohayo na nyumba ikachomwa. Simba akichelewa kupatikana anatafutwa mzee wa kubeba lawama. Hili tulizime Ijumaa hiyohiyo kabla ya yote.

Mchangiaji, dada wa Mtwara:
Kaka zangu nimewasoma wote mnaongelea nani apigwe. Mimi mama yangu mdogo alichukuliwa akienda chooni, saa mbili usiku, hakukua shambani. Choo chetu kilikua hatua arobaini kutoka nyumbani na ukuta wake ni makuti. Siku ile mwezi ulikua umechelewa kutoka. Kisimani tunaenda sisi, alfajiri na jioni, na kuni tunaenda sisi. Kwenye mkutano wa Ijumaa nani atatuongelea?

Mtoa mada:
Pole sana dada, Mungu amrehemu mama mdogo. Hili sikuliandika na nilipaswa kuliandika. Na la mwezi uko sahihi kabisa, wale watafiti baadae walikuta mashambulizi mengi yanatokea siku zinazofuata mwezi mpevu, pale giza linapoingia kabla mwezi haujapanda, saa za mwanzo za usiku. Babu alikua analijua bila kitabu, siku hizo alikua hakubali tutoke hata kukojoa, kulikua na kopo.

Nimempigia kaka sa hivi. Nimemwambia akina mama wakae mbele na waongee wa kwanza, kwenda kisimani kuwe kwa kundi na jua likiwa juu, na zile hela za baruti ziulizwe kama zinaweza kununua mabati ya vyoo vya nyumba zilizo pembeni kabisa mwa kijiji wakati kibali cha nguruwe kinafuatiliwa wilayani. Namba ya ofisi ya wanyamapori ibandikwe msikitini na dukani, ili simba akimgusa mtu wapigiwe usiku huohuo. Kaka kasema atajaribu, ila yule mzee wa gobole ni baba mkwe wake na itabidi aende kwake kwanza nyumbani, kwa adabu, kabla ya mkutano. Ataenda kesho jioni. Mrejesho nitaleta hapahapa.