Tupeane uzoefu: memori kadi ya kamera iliyowahi kukuliza

VumbiLaBahi:
Wakuu, leo nimekung'uta begi la kamera nikaiona ile kadi ya GB 64 nliyonunua siku ya mahafali ya mdogo wangu pale UDOM, nikacheka mwenyewe. Kamera yangu ya zamani iliigomea kabisa, kumbe yenyewe mwisho kadi za aina ya SDHC, ambazo hazivuki GB 32, na hizi za kuanzia 64 ni aina nyingine, SDXC. Mahafali nzima nikapiga kwa simu. Sa hv nna kamera mpya natafuta kadi, nyie yamewakuta yapi?

ShangaziKisasa:
Usinikumbushe. Send-off Area C, mpiga picha mimi, kadi nimenunua mchana huohuo kwa kijana anayetembeza, imeandikwa GB 128 bei ya chipsi kuku, nikajiona nna bahati. Nikapiga tangu bibi harusi anapambwa, wajomba wanaingia wanacheza, keki, zawadi, wakwe wa Mpwapwa wamekuja na mbuzi kamvishwa tai, na kila nikibonyeza picha inatokea kwenye kioo kama kawaida. Saa nane usiku nachomeka kwenye laptopu, majina ya picha yapo yote ila kuanzia keki hazifunguki, moja tu ikafunguka nusu, bibi harusi ana paji na macho, kuanzia puani kushuka kijivu tupu kama ukuta uliopigwa plasta. Kumbe ndani GB 8, wameichakachua iseme 128, ikijaa inaendelea kupokea huku haitunzi kitu. Asubuhi nikaenda kwa mama mwenye shughuli nikapiga magoti. Akaniangalia weee, akasema utarudia. Jumapili keki ikakatwa upya sebuleni, ila wakwe walishapanda basi, nikawapanga majirani wageuze migongo.

KibaigwaBoy:
Majirani wageuze migongo 😂😂😂 nimeamsha watoto huku

FundiMajengo:
Pole sana dada. Kadi mpya kabla ya kazi ichomeke kwenye kompyuta uijaze hadi mwisho na H2testw, ni programu ya bure, itakwambia ukubwa wa kweli. Na ile namba kubwa iliyoandikwa mbele mara nyingi ni spidi ya kusoma, sio ya kuandika. Wa video tafuta alama ya U3 au V30, hiyo kuandika haishuki chini ya MB 30 kwa sekunde, zenye alama ya Class 10 wanakuhakikishia 10 tu.

MrangiHalisi:
Acha kutisha watu, mi napiga video za 4K na Class 10 mwaka wa ngapi huu na haijakata.

FundiMajengo:
Nimesema haishuki chini ya hapo, sijasema haipandi. Soma kwanza mkuu.

MrangiHalisi:
Nimesoma. Na kamera ninayo, sio ya kuazima.

MtotoWaIlala:
Dodoma mnapigwa sana, pandeni SGR mje Kariakoo.

KibaigwaBoy:
Na hizo feki unadhani zimepanda nini kuja huku?

MamaZabibu:
Mimi nanunua mbili za 32 badala ya moja kubwa, ikifa moja nusu ya shughuli inapona.

VumbiLaBahi:
Mama hizo mbili ndo nlizipoteza mimi, kitu chenyewe ka ukucha, moja ilifuliwa na suruali. Ikakauka ikafanya kazi lakini.

Mwananzuguni:
Angalieni na kile kiswichi cha pembeni. Nusura niuze kamera haiandiki, kumbe kimeshuka kwenye loki.

FundiMajengo:
Na ukishahamisha picha fomati kwenye kamera yenyewe, usifutie kwenye kompyuta.

MrangiHalisi:
Mi nafutia kwenye kompyuta.

FundiMajengo:
Sikushangai.

MamaZabibu:
Achaneni hao. ShangaziKisasa, hela walikupa?

ShangaziKisasa:
Nusu, na debe la karanga.

KibaigwaBoy:
Na mbuzi je? Si alirudia na yeye?

ShangaziKisasa:
Yule alishaliwa. Tukaazima wa jirani, tai ileile, ila wa kwanza alikuwa mweupe.