Kukompaili FreeBSD: kipi kinatangulia, kerneli au world?

seva_mbale: Habari zenu ndugu. Nina seva ya shule hapa Mbale, RAM GB 4, diski ya UFS (mfumo wa faili). Nataka kupanda toleo la FreeBSD kwa kukompaili mwenyewe, yaani kuijenga kutoka msimbo chanzo. Nikifanya installworld (kusakinisha world, yaani programu na maktaba za msingi za mfumo) kabla ya kerneli (kiini cha mfumo) kuna ubaya gani? Umeme huku hukatika bila taarifa.

mzee_wa_make: Ubaya upo. Kujenga na kusakinisha havifuati mpangilio mmoja, na hapo ndipo wengi huchanganya. Ukiwa ndani ya /usr/src:

make -j4 buildworld
make -j4 buildkernel
make installkernel
shutdown -r now

buildworld hutangulia kwa sababu kerneli hujengwa kwa kompaila iliyotoka humo, iliyoko /usr/obj. Kusakinisha ni kinyume: kerneli mpya huendesha programu za zamani, lakini programu mpya zinaweza kuita kitu ambacho kerneli ya zamani haina. Basi hata sh hufa na "Bad system call", installworld ikwame katikati.

Mashine ikiwaka, chagua single user (hali ya matengenezo, msimamizi peke yake) kwenye menyu:

fsck -p
mount -u /
mount -a -t ufs
swapon -a
etcupdate -p
cd /usr/src
make installworld
etcupdate
reboot

Usiruke etcupdate -p. Huongeza watumiaji na vikundi ambavyo installworld itavidai. Na kama /tmp imewekwa noexec (kuzuia programu kuendeshwa humo), ondoa hiyo noexec; zana za kusakinisha huendeshwa kutoka humo.

kla_bsd: Kabla ya installkernel: cp -Rp /boot/kernel /boot/kernel.nzuri. Ipo kernel.old (kerneli ya awali), ndiyo, lakini ukiwasha kerneli mpya yenye kasoro kisha ukarudia installkernel, ile nzima imefutika.

Kuhusu umeme, andika WITH_META_MODE=yes kwenye /etc/src-env.conf, kisha kldload filemon (moduli ya kufuatilia faili), yote kabla ya buildworld ya kwanza. Ukikatika, rudia amri ileile; kilichokwisha hakijengwi tena. Ila angalia date kwanza. Betri ya ubaoni ikiwa imekufa, saa hurudi nyuma na make huona faili zimetoka kesho. installworld ndiyo ya kufanya kwenye UPS.

Kwa GB 4 weka -j2 (kazi mbili kwa wakati mmoja). Ikifika kwenye clang (kompaila yenyewe), -j4 inaweza kumaliza kumbukumbu na kazi ikauawa.

seva_mbale: Asanteni sana wakubwa. Na delete-old (kufuta faili za toleo la zamani)?

mzee_wa_make: make delete-old baada ya kuwasha mara ya pili. delete-old-libs isubiri mpaka vifurushi vyote visakinishwe upya (pkg upgrade -f), la sivyo vinavyotegemea maktaba za zamani havitafunguka.