Naomba ushauri: shina la elmi ya Kichina linatuna upande mmoja

Salamu wapenzi wa bonsai, miti inayokuzwa ikiwa midogo kwenye chungu. Nina elmi ya Kichina, Ulmus parvifolia, niliyoiotesha kutoka kwenye kipande cha mzizi. Afya yake haina shida: majani madogo yenye meno pembeni, na kila nikipunguza ncha inachipua upya. Tatizo ni shina, lilikuwa jembamba kama penseli na halinenepi.

Nikaihamishia kwenye chungu kipana chenye udongo wa kokoto usiotuamisha maji, juani, na mbolea naweka wakati inachipua. Pia kuna tawi la chini nimeliacha lirefuke bila kuligusa ili linenepeshe shina. Kunenepesha limenenepesha kweli, ila pale lilipoota pametokeza nundu, upande mmoja tu. Likiendelea hivi naona mstari wa shina utaharibika, na tawi nene likikatwa huacha kidonda kinachochelewa kuziba. Waya wa kulipa shina umbo sijafunga bado, gome changa linashika alama upesi.

Je, tawi hilo nilikate sasa hivi au nilipunguze urefu kwanza nisubiri? Na nikilikata, kidonda nikipake dawa ya kuziba au nikiache wazi? Natanguliza shukrani.