Mnaokata saini za wachora vibonzo na kubandika nembo zenu, huo ni wizi tu

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Kuna ukurasa mmoja mkubwa wa vichekesho, jina nalihifadhi, umechukua kibonzo changu cha fremu nne, kile cha konda anayetaka kumtoza bibi nauli ya jogoo. Saini ilikuwa chini kulia kwenye ukingo mweupe. Wamekata ukingo wote, wakagonga nembo yao, na kwenye maelezo wakaweka tangazo la mikopo ya simu. Nimemfuata admini inboksi kwa adabu zote. Jibu: "Kaka, si ulikiposti mwenyewe? Cha mtandaoni ni cha wote." Kisha akanifungia.

Cha wote kwa sheria ipi? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za wabunifu, tangu 1994. Kazi inalindwa pale tu unapoichora, uwe umeisajili au la. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya mabishano, basi. Na ulinzi wenyewe unaendelea miaka 50 baada ya mchoraji kufa. Yaani mimi nitakuwa nimeshaoza na bado wewe admini utatakiwa kuomba ruhusa kwa wanangu.

Wachoraji wenzangu, saini ya pembeni achaneni nayo. Iingize ndani ya mchoro: kwenye bati la daladala, kwenye kreti la soda, kwenye kanga ya bibi pale panapokaa jina la kanga. Mwizi akitaka kuitoa, lazima aharibu kichekesho. Yale maandishi makubwa ya kivuli yanayopita katikati ya picha mimi siyapendi, yanamwadhibu msomaji ambaye hana kosa.

Faili la kuchapa lisitoke kwenye kompyuta yako. Instagram pikseli 1080 kwa upana zinamtosha msomaji wa simu, lakini asiyekuwa na haya akitaka kuchapa fulana atahangaika. Na msijidanganye kwamba jina lililofichwa kwenye taarifa za faili litawaokoa. WhatsApp ikishaibana picha, zile taarifa zinafutika, na huko kwenye magrupu ndiko vibonzo vyetu vinakozurura yatima. Faili lenye leya zako zote (zile tabaka za mchoro kwenye programu ya kuchorea) litunze. Siku ukiambiwa umeiba kazi yako mwenyewe (yamewakuta watu), ndilo litakalokutetea.

Ukiibiwa, usiwatume mashabiki wakatukane kwenye komenti, wanamwongezea mwizi watazamaji. Wala wao kuripoti hakimiliki kwa niaba yako hakusaidii: Facebook na Instagram hupokea malalamiko hayo kutoka kwa mwenye kazi au aliyemruhusu. Tafuta fomu ya hakimiliki, weka kiungo cha posti yako na kiungo cha posti ya mwizi. Tumia barua pepe ya kazi, maana jina na anwani yako vinaweza kupelekwa kwa uliyemlalamikia. Piga skrinshoti kwanza, kabla hajafuta.

Halafu kuna hawa wa "tuchoree, tutakutangaza". Taasisi ina ukumbi wa hoteli, ina chakula cha mchana, ina posho za wajumbe, ikifika kwa mchoraji bajeti imekata! Eti "ni kakazi kadogo". Siku hizi situmi hata rasimu ya penseli kabla nusu ya hela haijaingia kwenye lipa namba, na kwenye ujumbe naandika wazi: kibonzo ni cha bango hili, kwa miezi hii. Wakitaka kukiweka kwenye kalenda, tunaongea upya. Na nyie mnaochora kwa buku tano mpate jina, mnatuharibia soko wote, hilo nalisema bila kumung'unya.

Jambo jingine linaloniudhi ni sisi wenyewe kumwaga hadithi ndefu Facebook tu. Msomaji mpya anakutana na sehemu ya tisa, ya kwanza haioni hata akiperuzi usiku kucha. Kuwa na sehemu moja ambapo vyote vimepangwa kwa namba, hata blogu ya bure, na kiungo chake kiandike ndani ya fremu ya mwisho.

Mwenye mfano wa mkataba mfupi wa Kiswahili kati ya mchoraji na mteja auweke hapa chini tuuchambue. Waliokuja kuniambia "pole, ndio mtandao huo" wapite kimya.