Siku tisa za likizo kwa treni kutoka Tabora: Kigoma, Mpanda au Pwani?

Baba wa Isevya (mwanzisha mada)

Wakuu, mwangaluka. Wakubwa, shikamooni.

Nina likizo ya siku tisa mwishoni mwa mwezi wa tisa. Nimekaa Tabora miaka kumi na moja, na kila nikisafiri ni njia ileile: basi la alfajiri, Dodoma, Dar, shughuli, narudi. Nchi hii naijua kwa vituo vya mafuta. Safari hii nataka treni, tena nisiende Dar kwa ajili ya Dar. Nataka miji midogo, maji ya kuogelea, na vijiji vya kushuka hata kama sina mwenyeji. Tutakuwa watatu: mimi, mama watoto na binti yetu wa miaka kumi ambaye hajawahi kuona bahari, na kila wiki ananikumbusha.

Nina njia tatu kichwani. Ya kwanza Kigoma, zaidi ya kilomita 400, tunalala ndani ya treni. Ya pili Mpanda, kwa tawi linalochepuka Kaliua. Ya tatu kuchukua basi mpaka Dodoma, kupanda treni ya umeme ya SGR mpaka Dar, halafu kutafuta pwani ndogo, Bagamoyo au Tanga. Mama watoto yuko upande wa tatu. Mimi moyo uko wa kwanza lakini sina hoja za kutosha, na ndani ya nyumba hoja zinatakiwa.

Nawasilisha.

Mwisho wa Reli

Mimi niko Gungu, Kigoma, kwa hiyo usitegemee haki kutoka kwangu.

Njoo Kigoma. Treni ikitoka kwenu usiku, Urambo na Kaliua utazipita umelala, na huna hasara kubwa, gizani hakuna cha kuona. Utapambazukiwa Nguruka au karibu na mto Malagarasi. Hapo mwamshe binti. Nguruka wanapanda na mabeseni ya samaki wa kukaanga mpaka mlango wa behewa, wengine wanakupitishia dirishani, unalipa huku treni imeanza kutambaa na yule mama anatembea nayo akikurudishia chenji. Chenji inafika, sijawahi kudhulumiwa.

Ukishuka, kabla hujatafuta bodaboda, simama uliangalie jengo la stesheni. Reli ilifika hapa 1914, enzi za Mjerumani, na ziwa liko palepale mbele yako. Bandari iko hatua chache tu. Kulikuwa na maana: mwaka uliofuata waliishusha majini meli iliyotengenezwa kwao Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar kwa meli, ikapanda treni kwenye reli hiyohiyo utakayokuja nayo, ikaunganishwa upya Kigoma. Ndiyo Liemba. 1916 walipozidiwa vitani wakaizamisha wenyewe, 1924 Waingereza wakaiibua, wakaipa jina la sasa ilipoanza safari 1927. Mwanao akishajua kwamba meli ilipanda treni, hatakuuliza habari za Bagamoyo.

Dada wa Korogwe

Ataniuliza mimi 😀

Kaka, mtoto amesema bahari. Ziwa si bahari. Kupwa na kujaa utampa wapi? Alale maji yako hapa, aamke yameondoka, atembee juu ya mchanga akiokota kaa. Hilo Kigoma hawana.

Kuhusu njia: SGR imeanza Dar hadi Dodoma mwaka 2024, na ni raha kweli, karibu kilomita 160 kwa saa, asubuhi unakunywa chai Dodoma, mchana uko Dar. Lala Dar usiku mmoja. Halafu panda treni ya Arusha ya reli ya zamani, ushuke kwetu Korogwe. Kutoka hapo Tanga ni basi tu, njiani Muheza unakula machungwa mpaka meno yanakufa ganzi. Tanga mji umetulia, watu wanaendesha baiskeli. Pangani iko chini yake kwa barabara. Kama unataka milima badala ya pwani, usishuke Korogwe, ngoja Mombo, kutoka pale gari linapanda Lushoto kona baada ya kona, na baridi utaikuta ya kuvaa sweta.

Na reli ya kwanza nchi hii ni yetu, kutoka Tanga, walianza kuijenga 1893. Ninyi wa kati mlikuja baadaye.

Mzee wa Gadi

Habari za humu, wanangu. Nimestaafu reli, naandika polepole kwa kidole kimoja.

Dada wa Korogwe kasema kweli kuhusu mwaka. Ya kati ilianzia Dar 1905, Tabora ikafika 1912. Lakini hesabu za siku hajazisema. Basi Tabora–Dodoma, SGR, usiku Dar, treni ya kaskazini, basi la Tanga. Hizo ni siku tatu za kwenda na tatu za kurudi, kati ya tisa. Na treni ya kaskazini haitoki kila siku, ukikosa siku yake likizo inaliwa Dar, ambako mwenye mada kasema hataki.

Ila mimi nataka nimsahihishe mwenye mada mahali pengine. Anauliza aende wapi. Ukisafiri na treni ya kwetu, hii ya mita moja, uliza ushuke wapi njiani. SGR nimeipanda, nimeifurahia, kijana wangu alininunulia tiketi. Lakini madirisha yake hayafunguki. Morogoro nimepita kama napita kwenye televisheni. Treni ya kawaida inasimama Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza, Kazuramimba, na kila stesheni ina bidhaa yake na harufu yake. Mtu aliyefumbwa macho, kama kafanya kazi humo miaka, anakwambia tuko wapi. Usinge ni moshi wa mkaa. Uvinza ni samaki mkavu na magunia ya chumvi.

Sasa la kazi. Kwa miaka mingi treni ya bara imekuwa ikikatwa Tabora, mabehewa mengine ya Mwanza, mengine ya Kigoma. Wakati wa kushunti taa zinayumba, watu wanahama, mizigo inahama. Usipande behewa kwa sababu umeona watu wamepanda. Muulize kondakta, halafu muulize tena mwingine. Nimewahi kumwamsha bwana mmoja Bukene, amevaa suti ya harusi, harusi iko Kigoma.

Mama Michembe

😂😂 Mzee wa Gadi, huyo bwana alifika?

Mzee wa Gadi

Alifika, keki ikiwa imeshakatwa.

Mwalimu wa Mpanda

Naona Mpanda inapitwa kama stesheni ndogo usiku. Niitetee kidogo.

Tawi la Kaliua–Mpanda ni kilomita 210 hivi, lilijengwa baada ya vita ya pili kwa ajili ya mgodi wa risasi, ndiyo maana linaingia porini bila kuomba ruhusa. Mwisho wa mwezi wa tisa ndiyo wakati wake hasa. Mvua bado, lakini miombo inaanza kuchipua, na majani machanga ya miombo si ya kijani, ni mekundu, mengine rangi ya shaba. Unakaa dirishani saa nzima msitu unawaka na hakuna moto. Juu ya miti utaona mizinga ya nyuki ya magome imetundikwa, ile ya asali mnayouza hapo Tabora kwenye chupa za maji.

Ukifika Mpanda, panda gari la kwenda Sitalike, mwendo mfupi kusini, langoni kwa hifadhi ya Katavi. Kiangazi mto Katuma unabaki madimbwi, na viboko wote wanahamia humo. Si kumi, si ishirini. Wamelaliana kama magunia ghalani, wanapiga kelele na wananuka. Mtoto atakumbuka hilo mpaka awe bibi.

Ubaya wake niuseme: hakuna maji ya kuogelea, ndorobo wapo, na kuingia hifadhini unahitaji gari la kukodi. Kwa watatu linauma.

Baba wa Isevya

Mwalimu, hiyo ya miombo mekundu nimeisoma kwa sauti hapa nyumbani, kimya kikapita. Lakini aliposikia "hakuna maji ya kuogelea" binti akaondoka sebuleni.

Mzee wa Gadi, shikamoo. Nishuke wapi basi? Na kuhusu daraja: mama watoto anasema la tatu hapandi.

Mama Michembe

Mimi nafanya biashara Tabora–Kigoma, napeleka karanga, michembe na asali, narudi na mawese na dagaa, kwa hiyo nisikilize mimi, hawa wengine wanakuimbia.

Chukua daraja la pili kulala. Ukiwa na familia, mkate tiketi mapema ili mkae chumba kimoja, maana wanawake na wanaume hupangwa vyumba tofauti mkiwa hamjajaza chumba. Nenda stesheni mwenyewe na vitambulisho. Beba shuka, maji ya kutosha, karatasi ya chooni na kitambaa cha kufutia vumbi, vumbi la kiangazi linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Tochi. Chakula behewa la bafe kipo, wali kuku, lakini usishibe, acha nafasi ya stesheni.

Na msishuke hovyo kununua vitu! Mwaka fulani Saranda, nikitoka Dar, nilifuata kuku wa kuchoma. Kuku wa Saranda wana jina lao na nilitaka kuchagua paja. Nikasikia honi. Nilikimbia na kuku mkononi, khanga imefunguka, mkaka mmoja behewa la mwisho akanivuta kwa mkono uleule wenye kuku. Kuku alibaki Saranda. Tangu siku hiyo nanunua dirishani.

Mwanafunzi wa Ng'ambo

Kwa nini asiende Mwanza tu? Nako kuna ziwa, treni ipo, kilomita 380 hivi.

Mwisho wa Reli

Mwanza ni jiji, mdogo wangu. Mwenzio anakimbia majiji.

Mzee wa Gadi

Marahaba, Baba wa Isevya. Ningekuwa wewe ningeshuka Uvinza. Watu wanapita tu wakiwahi Kigoma. Pale kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu walichemsha chumvi tangu kabla ya Mwarabu na Mzungu, na misafara iliyotoka Ujiji kwenda Tabora na Bagamoyo iliibeba. Nyumba ya wageni ya kawaida utapata. Laleni usiku mmoja, kesho yake mwende Kigoma kwa barabara.

Halafu kuna jambo binti atalipenda, kwa sababu shuleni wanalisoma na hawalioni. Kabla hamjaondoka, mpeleke Kwihara, hapo nje kidogo ya Tabora, kwenye tembe alilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Kisha Ujiji mwonyeshe walipokutana 1871, pana jumba la makumbusho na miembe. Mtakuwa mmeifuata hadithi kinyumenyume.

Mwisho wa Reli

Mzee kanimalizia kazi. Niongeze mawili.

Angalia kalenda ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi wanapumzika. Ukipatia usiku wa giza, kaa mahali pa juu mjini utazame ziwani: taa za mitumbwi zimejipanga mpaka huoni ziwa linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Asubuhi nenda Kibirizi uone hao dagaa wakianikwa. Hapo ndipo maboti ya abiria yanapotoka kwenda vijiji vya kaskazini, na yanapita Gombe, kilomita 16 hivi. Sokwe waache, watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuatilia. Boti lenyewe linatosha kuwa safari. Kuogelea waulize wenyeji kwanza, pengine kuna mamba, pengine hakuna.

Na Dada wa Korogwe, ziwa letu lina urefu wa kilomita 670 na zaidi, ng'ambo ni Kongo, mawimbi yapo, mchanga upo, boti zipo. Ni bahari iliyosahau chumvi. Na chumvi yenyewe tunayo Uvinza.

Dada wa Korogwe

Na kaa je?

Mwisho wa Reli

Kaa tunao! Wadogo, kwenye mawe. Ziwa Tanganyika lina kaa wake ambao hawapo kwingine.

Dada wa Korogwe

Haya, kwa leo nimeshindwa. Likizo ijayo ni yangu, tena niambie mapema nikuulizie siku za treni.

Baba wa Isevya

Wakuu, kikao cha nyumbani kimeisha. Jumapili Kwihara. Jumatatu treni ya usiku, Uvinza usiku mmoja, Kigoma siku nne, kurudi kwa treni. Mama watoto amekubali kwa masharti mawili: daraja la pili kulala, na dumu la mawese la lita tano lirudi nasi. Pwani tumeiahirisha, hatujaifuta, Dada wa Korogwe usikasirike.

Binti alisoma ile ya "bahari iliyosahau chumvi". Anataka anunue chumvi Uvinza aimwage ziwani, aone kama itakuwa bahari. Ameuliza mfuko mmoja unatosha.

Mzee wa Gadi

Ziwa lina kina cha mita 1,470. Mwambie mfuko hautoshi, tutahitaji behewa la mizigo.