Spishi za Ndani ya Bahasha

Zuhura: Mjomba shikamoo. Kwenye mkusanyo wetu wa nakshi zinazochapwa ndani ya bahasha kuficha barua, tunazozipa majina kama spishi za viumbe, mawimbi ya buluu na mawimbi meusi ni spishi mbili?

Mjomba Idi: Marahaba. Ni moja. Rangi usiitegemee, sahani ileile ya kuchapia hupakwa wino wowote. Hizo ni aina mbili za spishi moja. Kinachotenganisha ni umbo la nakshi na kipimo cha mrudio, yaani umbali hadi nakshi ianze kujirudia.

Zuhura: Nitapimaje? Wimbi lenyewe halifiki milimita 4.

Mjomba Idi: Pima mawimbi 10 kwa pamoja, kisha gawa kwa 10. Kosa la rula nalo linagawanyika.

Shangazi Mwana: Na bahasha ifunguliwe ikae bapa. Mkiimulika kwa nje, mistari iliyolalia kulia itaonekana imelalia kushoto, mtangaze spishi ya uongo 😂

Musa: Shangazi, naifunguaje bila kuichana?

Shangazi Mwana: Gundi ya kulamba hulegea kwa mvuke. Ipe sekunde chache, halafu pitisha rula nyembamba kwenye mshono. Ile ya kujibandika haisikii mvuke, kata kando ya mshono. Karatasi ikijikunja, ilaze chini ya vitabu. Ukikata kipande, kwanza chora mshale wa juu kwa nyuma. Kikigeuka robo mzunguko, mshazari unabadili upande.

Musa: Hii imejaa nembo ya benki tupu.

Mjomba Idi: Hiyo haipatikani nje ya kisiwa chake, yaani benki yake. Kwa Kilatini chetu cha utani, Involucrum bancarium, bahasha ya benki 😄

Zuhura: Na yenye herufi na tarakimu zilizorundikana?

Shangazi Mwana: Bingwa wa kujificha huyo! Anafanana na maandishi ya barua, jicho linashindwa kujua herufi ipi ni ya karatasi ipi. Mistari myembamba sambamba ni dhaifu, herufi kubwa zinasomeka kwenye nafasi.

Musa: Nina ya madoa, mengine yameungana. Chotara?

Mjomba Idi: Kilema tu. Shinikizo la mashine likizidi, wino hutapakaa na kuziba nafasi. Tafuta bahasha ya pili ya nakshi hiyo kabla hujatoa jina.

Zuhura: Basi ya mawimbi naiandika Involucrum undulatum. Maneno mawili, la jenasi (kundi la spishi) na la spishi, kama alivyofanya mwanasayansi Linnaeus kwa mimea mwaka 1753. Jenasi inaanza kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo.

Mjomba Idi: Sawa. Weka na kipimo cha mrudio mbele ya jina, bila hicho jina ni mapambo.

Shangazi Mwana: Picha pigeni za ulimi au ubavu, si upande wa anwani. Musa, ile ya nembo ifute, namba ya akaunti inasomeka dirishani.